Kiti cha fundi na muokota makopo kwenye bodi kiko wapi?

Februari 2019 jahazi moja liliingia Unguja likitokea Lamu, na ukilitazama kwa mbali ungesema limevaa kanga. Mkuku plastiki, mataruma plastiki, mbao za ubavuni plastiki, alafu nje limevalishwa vipande vya kandambili vya rangi zote, kandambili kama 30,000 zilizookotwa. Plastiki iliyokusanywa kulijenga ilikuwa kama tani 10. Lilisafiri karibu kilomita 500 na njiani kila lilipotia nanga watu walishuka pwani kuliona na kuongea habari za taka. Hilo ndo Flipflopi, wengi mnalijua kwa picha.

Kwenye zile picha watu waliangalia rangi, na ni haki yao, rangi ziliwekwa ziangaliwe. Mi nilikuwa nasoma kila habari iliyotoka kuhusu lile jahazi nikitafuta kitu kimoja tu, fundi yuko wapi kwenye orodha ya wenye mradi. Manake kwa tulivyozoea fundi anakaa kwenye bajeti, mstari wa "ufundi", siku kadhaa mara bei ya siku, akimaliza anapewa hela yake na tisheti anaenda zake, uzinduzi anausikia kwa jirani. Pale nikakuta Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu, mtu wa ukoo wa mafundi, anatajwa kama mwanzilishi mwenza pamoja na Ben Morison, mtu wa biashara ya utalii ambaye wazo lilimjia 2016. Yaani fundi alikuwa mezani tangu mazungumzo ya kwanza.

Na mi naamini kabisa hiyo ndo sababu lile jahazi lilielea. Plastiki sio mti. Likipigwa jua linatanuka, uzito wake mwingine, parafujo inashika tofauti, na hakukuwa na jahazi lingine la namna hiyo la kwenda kuangalia na kuigia. Wazo 2016, jahazi kushushwa majini Septemba 2018. Sasa jiulize bodi ya kawaida, ya watu wanaosubiri picha kabla mwaka wa fedha haujaisha, ingemvumilia fundi miaka yote hiyo akisema huu ubao bado, rudia, huu nao bado? Ingemwambia malizia hivyo hivyo tuna wageni wiki ijayo. Fundi akiwa mwenye mradi hakuna wa kumwambia hivyo, kwa sababu likizama linazama na jina la baba yake na babu yake, na Lamu watu hawasahau jahazi lililozama lilijengwa na nani.

Hapo ndo nataka tukae leo, kwenye hawa watu wanaoongoza vikundi na mashirika ya mtaani yanayochanganya mazingira na sanaa. Siongelei meneja wala mratibu wa mradi, naongelea wale wa juu, wajumbe wa bodi, kamati, wadhamini, wanaokaa mara tatu nne kwa mwaka wakaamua pesa iende wapi na nini kikataliwe.

Angalia neno lenyewe. Mdhamini. Zamani na mpaka leo mahakamani mdhamini ni yule anayesimama akasema huyu mtu akikimbia nikamateni mimi, anaweka hati ya nyumba yake, anaweka kadi ya gari, anaweka shingo. Alafu miaka hii likaja mdhamini la pili, la jezi za mpira na matamasha, mdhamini mkuu, yule anayetoa hela na nembo yake inabandikwa kifuani. Neno moja, watu wawili tofauti kabisa. Mmoja mambo yakiharibika analipa, mwingine mambo yakiharibika anatoa nembo yake na kuondoka. Vikundi vyetu vingi vikiunda Bodi ya Wadhamini vinaandika wadhamini vikimaanisha wa kwanza, alafu vinaenda kumtafuta wa pili, mtu mkubwa, mwenye jina, mwenye kufungua milango, na kiti cha yule ambaye kweli mradi ukifa yeye ndo anabaki na hasara kinakosekana.

Nimekaa kwenye kikundi cha hivyo, nilikuwa katibu, kwa hiyo naongea nililoliona. Mtaa wetu uko karibu na bahari, mtaro mkubwa unapita katikati, kazi yetu ilikuwa kuokota plastiki kwenye mtaro kabla mvua hazijaisukuma baharini, na vijana wachoraji wakichora kwenye kuta na kutengeneza vitu kwa makopo. Bodi ilikuwa na watu tisa. Aliyekuwa anaishi mtaani kwetu alikuwa mmoja, na yeye alikuwa na nyumba mbili, kwetu alikuwa analala wikiendi. Wote walikuwa watu wazuri, sitaki mtu afikiri nasema wezi, hakuna aliyekula hata mia. Lakini vikao vilikuwa mjini, hotelini, siku ya kazi saa nne asubuhi, saa ambayo muokota makopo yeyote yuko barabarani kwa sababu jua likishakuwa kali viroba vinakuwa vizito mara mbili na wanunuzi wanafunga mzani mapema. Makabrasha yalikuwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kuna kikao kimoja tulibishana nusu saa kuhusu rangi ya tisheti za uzinduzi, alafu ombi la glavu na buti za waokotaji likapitishwa kwa dakika moja kwamba lisubiri robo ijayo. Niliandika mwenyewe kwenye muhtasari, "lisubiri". Mpaka leo lile neno linaniuma kwa sababu wiki tatu baadaye mama mmoja alikatwa na chupa mguuni ndani ya mtaro, akakaa nyumbani karibu mwezi, na mwezi bila kuokota ni mwezi bila kula.

Kulikuwa hakuna mtu kwenye kile chumba ambaye mguu wake ungekatwa. Hilo tu.

Sasa tuangalie wanaofanya tofauti, manake wapo, na wako karibu. Mathare, Nairobi, 1987, ilianza MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Aliyeianzisha ni Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za sera za mazingira, na sharti lake la mwanzo kwa watoto wa kitongoji lilikuwa rahisi, mkitaka ligi mfanye na usafi wa mtaa. Ikaja ikawa sheria ya ligi, timu ikifanya usafi inapata pointi, na pointi hizo zinahesabiwa kwenye msimamo pamoja na za mechi. Unaweza kuifunga timu nyingine mabao manne na ukawa chini yake kwa sababu wao Jumamosi walishika machepe na matoroli na nyie mlilala. Mwaka 1992 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likawapa tuzo ya Global 500. Baadaye ikatoka Mathare United ambayo 2008 ilibeba ubingwa wa Kenya. Na sanaa iliingia humo humo, muziki, maigizo, na mwaka 1997 watoto walipewa kamera za bei rahisi wakapiga picha za maisha yao wenyewe badala ya kusubiri mpiga picha wa nje aje kuwapiga wakiwa na kamasi.

Watu wakiisifu MYSA wanasifu ile hesabu ya pointi, na ni nzuri kweli. Mi nasifu zaidi kitu ambacho hakionekani kwenye picha, kwamba vijana wenyewe walichaguana toka kwenye kanda zao, wakakaa kwenye kamati wakaamua mambo ya ligi na usafi, wengine wakiwa bado wako shule. Na kujitolea kwao kukawa na malipo yenye akili, pointi za uongozi zinageuka ada ya shule inayolipwa shuleni moja kwa moja. Hebu fikiria tofauti yake na posho ya kikao. Posho ya kikao inamlipa mtu kwa kukaa, hata kama hakusoma kabrasha, na bodi zetu nyingi tusidanganyane posho ndo inayojaza viti. Pale mtoto analipwa kwa alichowafanyia wenzake, na malipo yenyewe yanamrudisha darasani. Halafu huyo mtoto uwanja ukijaa taka ni yeye anayecheza juu ya taka, kwa hiyo hahitaji semina ya siku mbili kujengewa uwezo wa kuelewa kwa nini usafi ni muhimu.

Shuka pwani uende Gazi, kaunti ya Kwale. Mikoko Pamoja. Vijiji viwili, Gazi na Makongeni, tangu 2013 wanalinda na kupanda mikoko na kuuza hewa ukaa inayotunzwa mle, yaani watu wa nje wanaochafua hewa wanawalipa ili mikoko iendelee kuinyonya, eneo la hekta 117, na 2017 walipata tuzo ya Equator. Hela imeingia kwenye maji ya kijiji, imeingia shuleni. Mi kinachonivutia pale ni jinsi walivyopanga watu. Kuna kamati ya wanavijiji, inayochaguliwa na wanavijiji. Kuna wataalamu, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, hawa wanapima miti, wanahesabu kaboni, wanashauri. Na kuna shirika la hisani la Scotland linaloshika upande wa mauzo nje. Kila mmoja na kazi yake, na hela ikirudi swali la inunue nini linajibiwa kijijini.

Kwa nini hiyo ni haki? Kwa sababu mkoko ni boriti, mkoko ni kuni. Mtu wa Gazi akisema hatukati hapa, ametoa kitu cha mfukoni mwake. Mtaalamu hajatoa boriti, mnunuzi wa kaboni aliyeko Ulaya hajatoa kuni. Mdhamini kwa ile maana ya mahakamani, aliyeweka hati yake mezani, ni mwanakijiji. Akitolewa kwenye maamuzi huo mradi unageuka kuwa katazo tu, na makatazo ya msitu historia ya pwani hii inayajua mwisho wake, watu wanakata usiku.

Huwa napata ubishi hapa. Naambiwa kikundi kinahitaji mhasibu, kinahitaji mwanasheria, huwezi kuweka waokota makopo watupu ukategemea hesabu zikae sawa. Kweli kabisa na sibishi. Mwaka 2019 sheria ya NGO Tanzania bara ilipobadilishwa kuna mashirika mengi yalikuwa yamesajiliwa kama kampuni zisizo na hisa yakatakiwa yahamie kwa msajili wa NGO, ikawa mbio za nyaraka, na waliokuwa na mwanasheria karibu walivuka kwa amani kuliko waliokuwa hawana. Kenya nao sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 ikaja kuanza kutumika Mei 2024, miaka 11, sasa kila mtu anatafuta wa kumsomea. Kwa hiyo waje. Ila Gazi imeshatuonyesha kwamba mtaalamu anaweza kukaa pembeni ya meza na sauti yake ikasikika vizuri tu bila kubeba kura zote. Shida ni pale tunapompa mhasibu kazi ya kuamua nini kina thamani, wakati kazi yake ni kutwambia tuna shilingi ngapi.

Alafu kuna jambo ambalo mwenye nembo hawezi kulifanya hata umbembeleze, nalo ni kukataa. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma pale Nairobi. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kina mama wakipanda miche, akaandika barua, akapiga kelele mpaka nje ya nchi. Bungeni wakamsema maneno ya aibu, shirika likatolewa kwenye ofisi ya serikali lililokuwa linatumia, akahamishia ofisi nyumbani kwake, wafanyakazi wakajazana sebuleni. Jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, kwenye msitu wa Karura, uliokuwa unagawiwa watu wajenge, akapigwa na walinzi mpaka akatoka damu kichwani, na Karura ipo mpaka leo, watu wa Nairobi wanakimbia mle asubuhi.

Sasa ingekuwa bodi ile ya hotelini? Mwaka 1989 ingeitishwa kikao cha dharura, ingeangalia ofisi, ingeangalia usajili, ingesema hili la bustani lina siasa ndani yake turudi kwenye miche. Na kwa hesabu ya karatasi wangekuwa sahihi, kupoteza ofisi ni hasara kubwa. Ila wale kina mama wa miche, ambao walikuwa wakilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, ambao mwanzoni walikuwa wanaambiwa kupanda miti ni kazi ya bwana miti mwenye cheti wakajaribu kwa njia zao za shambani na miche ikaota, hao wangejiuliza kuna maana gani kupanda kwetu huku kama miti ya mjini inatetewa na hakuna mtu. Green Belt imepanda miti zaidi ya milioni 50, na Wangari alifariki Septemba 2011, shirika lipo. Wadau wengi wanaongelea hiyo namba ya miti. Mi naona ule uamuzi wa kukubali kukosa ofisi ndo uliowapa watu sababu ya kuendelea kuamini miche.

Nirudi kwenye sanaa, manake hapa ndo tunaharibu zaidi na hatuongei. Kwenye hivi vikundi vya aina mbili, mazingira na sanaa, sanaa inawekwa mwisho kama maua ya meza. Mradi umeshapangwa, bajeti imeshagawanywa, ndo anaitwa mchoraji achore pomboo na kasa ukutani, anaitwa mshairi atoe beti nne kabla mgeni rasmi hajaongea. Mchoraji haulizwi kitu. Wakati fundi na msanii ana maswali ambayo hakuna mwingine mezani anayeyawaza. Hii malighafi inatoka wapi na inakaa muda gani juani. Ikipasuka nani atarekebisha. Kijana atajifunza hii kazi kwa nani na kwa miaka mingapi, kwa sababu ufundi haujifunzwi kwa warsha ya siku tatu yenye cheti. Flipflopi baada ya Zanzibar walipeleka jahazi Ziwa Victoria mwaka 2021, Kenya, Uganda, Tanzania, na kule Lamu wakaingia kwenye kufundisha vijana kujenga vyombo na kuchakata plastiki. Mi nikiona hivyo naona kichwa cha fundi. Afisa mawasiliano angetaka ziara ya pili yenye kamera nyingi zaidi, fundi yeye kinachomkosesha usingizi ni nani atashika tezo na msumeno akiondoka.

Na msanii akikaa kwenye bodi pia anabadilisha lugha ya kikao, nalo sio dogo. Watu wenye elimu ya kati wananyamaza kwenye vikao vya Kiingereza, wananyamaza hata kwenye Kiswahili cha "tija" na "mchakato wa uwezeshaji". Mchoraji akichukua kalamu akachora mtaro, akachora nyumba, akasema maji yanatoka huku yanaenda huku, ghafla mama wa makopo ananyanyuka anasema hapana, hapo umekosea, mvua za masika yanarudi nyuma hivi. Umeshapata mjumbe wa bodi.

Kwetu tulibadilisha katiba, ilichukua mikutano mikuu miwili na maneno mengi. Wajumbe sasa ni saba, wanne lazima wawe wanaoishi ndani ya mtaa na wanaofanya kazi yenyewe, wawili kati ya hao waokotaji, mmoja fundi au mchoraji. Vikao vinafanyika Jumapili jioni kwenye banda la kupimia makopo, Kiswahili, na posho ikafutwa, badala yake kuna nauli na chai. Watu watatu wakubwa walijiuzulu kwa barua nzuri, mmoja alibaki na ndo mhasibu wetu wa kujitolea mpaka leo, anakuja na mtoto wake. Sitasema kila kitu kimenyooka, kuna mfadhili alitukimbia akasema hatuna bodi yenye hadhi, na miezi minne tulikuwa tunachangishana wenyewe hela ya viroba.

Kikao cha tatu cha bodi mpya ajenda ilikuwa ukuta. Tulikuwa tumepata rangi za msaada, ndoo kumi na kitu, tuchore ukuta wote unaofuata mtaro mpaka unapokaribia bahari, mchoro wa samaki na matumbawe, vijana walishaandaa na mchoro mzuri sana. Tulikuwa karibu tunapitisha. Yule mama aliyekatwa mguu, ambaye sasa ni mjumbe, akaomba kuuliza. Akasema mkishachora hizo brashi mtaoshea wapi, manake vijana mwaka jana waliziosha mtaroni na mimi ndo nilikuwa nimesimama ndani, maji yalikuwa meupe na bluu mpaka baharini, na hii rangi ni ya mafuta, haifi.

Tulikaa kimya. Mchoraji wetu akaangalia chini, akasema kweli, niliosha mimi. Tukaahirisha ukuta, mhasibu akaandika barua kwa aliyetoa rangi kuomba abadilishe atupe za maji, na mchoraji akapewa kazi ya kutafuta pipa la kuoshea na mahali pa kulimwagia. Glavu na buti zilipitishwa siku hiyo hiyo, kabla ya chai.